Kaloleni Mpaka Tala kwa Baiskeli ya Marehemu

Watu wa chama, habari zenu. Tangu nirudi mmeniuliza maswali mpaka nimechoka kuliko vile nilichoka njiani. Mama Atieno anasema alisikia nimelazwa Machakos. Shiko anasema nilitoroka na fundi wa baiskeli. Nikianza kusimulia kwa mdomo, Mama Atieno ananikata kabla sijafika Donholm, kwa hivyo nimeandika. Shule niliwacha darasa la saba, muhula wa pili, hata kiti kilikuwa bado moto. Mkikosa koma mahali, vuteni pumzi nyinyi wenyewe muendelee.

Kwa wale hawajui mambo ya nyumba yangu, iko hivi. Mzee wangu, marehemu, alikuwa anafagia barabara za mji, na miaka yote alienda kazi na ile baiskeli kubwa nyeusi ya chuma, ile tunaita blakmamba. Alipokufa, baiskeli ikasimama nyuma ya mlango miaka mitatu, kazi yake kuanika soksi. Mwaka huu nikaitoa. Nikajifunza kuiendesha pale uwanja wa ukumbi wa Kaloleni, saa kumi na mbili asubuhi, nyinyi mkiwa mmelala. Nilianguka mpaka mbwa wa pale wakanizoea, wakawacha kubweka. Halafu asubuhi moja nikaenda kutoka ukuta mpaka ukuta bila kuweka mguu chini, na haki ya Mungu, nilisikia kitu kwa kifua ambacho sikuwa nimesikia tangu nikiwa msichana. Nikafikiri ni presha. Ilikuwa furaha.

Jairo, kijana wangu mkubwa, akapata habari. Akaja Jumapili na shati yake ya kanisa.

"Mama, hiyo ni baiskeli ya mwanaume. Mtu akienda, vitu vyake vinaenda kwa ndugu yake. Baba mdogo Musa anaingoja huko Vihiga."

"Musa anaingoja? Musa kutoka kitandani mpaka mezani anapumzika mara mbili."

"Mama, hiyo ndiyo desturi. Na wewe ni wa miaka hamsini na nne. Utagongwa."

Nikamwangalia. Huyo mtoto nilimbeba mikononi kutoka hospitali ya Pumwani siku amezaliwa, leo ananiambia nitagongwa. Nikamwambia, "Sikia. Nikifika Tala kwa Wanza na hii baiskeli, gari isinibebe hata hatua moja, ni yangu?"

Wanza mnamjua. Ndiye alikuwa anauza sukuma wiki kando ya kibanda changu cha chapati pale Mbotela, kabla arudi kwao Ukambani. Miaka nane nimemwambia nakuja, nakuja.

Jairo akacheka mpaka akakaa. "Tala? Mama, ukifika Tala, mimi mwenyewe nitamwambia baba mdogo asahau. Lakini ukibebwa, siku hiyo hiyo naipakia."

Tukapeana mkono. Yeye alikuwa bado anacheka. Mimi sikuwa nacheka.

KALOLENI MPAKA DONHOLM

Nilitoka Alhamisi kukipambazuka. Blakmamba iko na ule mtaimbo katikati, kwa hivyo na rinda huwezi. Nikavaa suruali ya trakisuti ya Jairo ya zamani za sekondari, magoti yameisha, halafu nikafunga leso juu ili akina mama wa kanisa wasizimie. Nyuma nikafunga kikapu, ndani chapati nane kwa gazeti na chupa ya chai.

Jogoo Road asubuhi haina huruma. Nilikuwa nimejiambia nitaenda polepole na heshima. Heshima iliisha pale steji ya kwanza, vijana wa boda waliponiona.

"Niaje mathe! Hiyo mashine umeibia nani?"

"Nimeibia marehemu!"

"Basi piga gia!"

"Gia ni goti, na moja imekwama!"

Wakacheka, wakanifungulia njia, na mmoja akanisindikiza mpaka mbele akipiga honi kama mimi ni bibi harusi. Nilifika Donholm mapafu yakiwa yamekuja mdomoni. Nikasimama kando, nikajifanya naangalia simu. Simu ilikuwa imezima.

OUTERING MPAKA RUAI

Kutoka hapo unashika Outering, halafu Kangundo Road, na barabara ni moja mpaka Tala. Huwezi kupotea. Unaweza tu kufa.

Hapo Kayole ndipo nilianza kujua shida yangu si kilomita. Nilikuwa nasukuma baiskeli kidogo, napumzisha makalio, nikasikia sauti kutoka gorofa ya tatu.

"Wewe wa visu! Ngoja, nashuka!"

Nikaangalia nyuma, nikaangalia mbele. Mwenye baiskeli nilikuwa mimi peke yangu. Nikaona nikiondoka nitaonekana sina adabu, nikangoja. Mama mmoja akashuka mbio, amefunga kitambaa kwa kichwa, mkononi visu vinne na makasi.

"Dada, mimi sinoi visu."

"Basi unauza nini?"

"Siuzi kitu."

"Sasa baiskeli ni ya nini?"

"Ni ya kuendesha."

Akaniangalia kutoka helmeti (ilikuwa ya mjengo, nilipewa na mteja wangu mmoja) mpaka viatu. "Unaendesha kwenda wapi?"

"Tala."

"Kuna matanga?"

"Hakuna."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Naenda tu."

"Na nyumbani wanajua?"

Nikacheka, nikamkatia chapati. Tukakula tumesimama hapo, yeye na visu vyake. Akaniambia, "Unajua mimi sijawahi kutoka hii nyumba bila kutumwa? Ni soko, ni shule ya watoto, ni kanisa. Kutoka tu hivi, hapana." Halafu akaniuliza kama anaweza kupiga kengele. Nikamwambia piga. Akapiga mara moja, polepole, kama mtu anabisha kwa ofisi. Akapiga tena. Akapiga mpaka watoto wakachungulia madirishani. Alirudi juu akicheka peke yake, na kisu kimoja akasahau kwa kikapu changu. Nilikiona nikiwa Njiru. Mwenye anajua mama wa Kayole wa gorofa ya tatu aniambie, kisu chake kiko.

Na kutoka hapo ikawa wimbo. Kila mahali nikisimama: unauza nini? Mayai? Mandazi? Dawa ya panya? Mwanaume mmoja Njiru alinifuata kwa miguu mbali sana akiuliza kama niko na mtumba wa viatu namba nane. Mtu mzima wa kike juu ya baiskeli lazima awe na kitu anauza, ndiyo watu wanajua. Mara ya tano nikaanza kujibu, "Nauza upepo." Mmoja aliniuliza ni wa wapi.

RUAI, KWA FUNDI

Ruai nikapata pancha. Na huyu sasa ndiye fundi wa Shiko. Nilimkuta ameketi juu ya tairi ya trekta anakula ugali na omena, mzee wa pole, masikio yamejaa nywele. Akaniambia, "Mama, mtu akikula hawezi kusikia pancha." Nikangoja. Alikula hiyo omena moja moja, akizisalimia. Saa nzima iliisha hivyo, jua likipanda, na mimi Tala bado ni jina tu.

Alipofungua gurudumu na kutoa tyubu, akapiga mluzi.

"Hii nani alikuwa anaziba?"

"Mzee wangu."

"Kuja uone."

Tyubu ilikuwa na viraka kumi na moja. Vimekatwa duara, vimepangwa vizuri, kimoja hakijapanda kingine. "Huyu mtu alikuwa anashona tyubu kama suruali ya harusi," fundi akasema. Na mimi miaka ishirini na sita nilikuwa namsikia tu nje ya mlango jioni, anakwaruza kwaruza, nikimwambia ingia ukule chakula kinapoa. Sikuwahi kutoka nikaona anafanya nini. Ile baiskeli hakuwahi kuninyima. Na mimi sikuwahi kumwomba. Hiyo niliifikiria sana baadaye. Hapo kwa fundi nilisema tu, "Alikuwa bahili," tukacheka.

Kiraka cha kumi na mbili akaziba fundi. Nikaondoka.

RUAI MPAKA JOSKA

Ukipita Ruai, nyumba zinapungua na upepo unaongezeka. Kamulu ni wazi kabisa, upepo unakupiga kofi shavu hili, ukigeuka unakupiga lile lingine. Malori yanapita na kukuvuta kama yanakuita. Leso ilikuwa inanisumbua kwa magoti, na kwa vile hakuna mtu wa kanisa letu hapo, nikaifungua, nikaifunga shingoni. Ikapepea nyuma. Nikajiona mrembo. Nikaanza hata kuimba.

Karibu na Joska, upepo ukafungua fundo la leso ukaipeleka kwa cheni. Cheni ikaimeza. Baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea.

Nilipojiokota, niko chini kwa vumbi, goti la trakisuti limefunguka kabisa, na leso imejizungusha kwa cheni kama ugali kwa mwiko. Mbele kidogo kulikuwa na mama anauza matikiti, ameyapanga mlima. Akaja na kisu chake.

"Umevunjika?"

"Sijui. Bado naulizia."

Tukakata leso kipande kwa kipande. Ikaisha yote. Tulikuwa tunarudisha cheni, mikono mafuta mpaka kiwiko, pikapu ikapunguza mwendo, ikatupita kidogo, ikasimama. Nikaangalia namba yake. Roho ikatoka.

Ilikuwa pikapu ya Barasa. Mkwe wangu. Bwana ya binti yangu Edina.

JOSKA, NYUMA YA MATIKITI

Nyinyi Waluhya wenzangu mmeshashika kichwa. Wengine niwaambie. Kwetu, mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawaangaliani usoni. Barasa akija kwangu anakaa karibu na mlango, naongea nikiangalia ukuta, miaka saba sasa. Huyo ndiye alikuwa anafungua mlango wa pikapu, na mimi niko barabarani na suruali iliyopasuka, sina leso.

Nilikimbia nyuma ya mlima wa matikiti, nikachuchumaa. Barasa alirudi kwa miguu, akaona baiskeli, akaona helmeti, akaelewa. Akageuka hapo hapo, akatupa mgongo.

Mama wa matikiti akatuangalia. "Nyinyi mmekosana?"

"Huyo ni mkwe wangu," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Aaa! Nthoni!" Hivyo ndivyo Wakamba wanaita hiyo heshima. "Hata kwetu iko. Wangu akitokea, mimi naingia kwa kichaka." Akajifuta mikono, akasimama katikati yetu kama hakimu. "Haya, semeni. Mimi napeleka."

"Mwambie mama shikamoo," Barasa akaambia barabara.

"Anakuambia shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize Edina hajambo."

"Anauliza Edina hajambo?"

"Mwambie hajambo. Mwambie pikapu iko tupu, naenda Tala kuchukua mbuzi. Apande."

"Mwambie asante, sipandi."

"Mwambie..." Barasa akajikuna shingo. Ni kijana mzuri, uongo unamshinda. "Mwambie Jairo amenipigia simu. Ameniambia nikimpata njiani nimpakie na baiskeli yake."

Mama wa matikiti alikuwa anageuka kunipelekea, nikamkata. "Nimesikia." Damu ilinipanda. Kumbe Jairo hangojei nishindwe, ametuma mtu anisaidie kushindwa! Na niwaambie ukweli, pale nilikuwa nimechoka. Goti linavuja damu. Mbele kuna ule mlima wa kuelekea Tala. Nikipanda pikapu nitakuwa kwa Wanza na sahani mkononi, na jioni baiskeli inafungwa kamba iende Vihiga ianikwe soksi za Musa.

"Mwambie arudi amwambie Jairo hajaniona."

"Mwambie siwezi kudanganya. Nimemwona."

Hapo ndipo akili yangu ya darasa la saba ikawaka.

"Muulize," nikasema, na sauti sikuificha tena, "amemwona mama mkwe wake na suruali iliyopasuka? Hiyo ndiyo ataenda kuambia watu?"

Mama wa matikiti akafunika mdomo. Malori mawili yakapita. Nikaona masikio ya Barasa yakibadilika rangi.

"Mwambie," akasema polepole, "mimi sijaona mtu."

"Anasema hajaona mtu!" Huyo mama alipiga makofi mpaka tikiti moja likabingirika. "Hajaona mtu! Basi hakuna mtu wa kupakia!"

"Lakini mwambie," Barasa akaendelea, "malori ni mengi na mlima ni mbaya. Nikimwacha, Edina hatanifungulia mlango. Nataka kumfuata pole pole na taa."

"Anifuate nyuma?" nikaruka. "Aangalie hii trakisuti kwa nyuma mpaka Tala?"

Hata yeye alishtuka. Tukafikiria wote watatu. Mwisho ikaamuliwa Barasa atangulie mbele, taa za hatari zikiwaka, kioo cha ndani amekigeuza juu. Nikipiga kengele, anajua niko. Kengele ikinyamaza, anasimama, anangoja, hageuki.

Mama wa matikiti alinipa kipande kikubwa nikale kabla niende. Aliniuliza, "Na huko Tala unaenda kufanya nini?" Nikamwambia, "Kufika."

MLIMA

Kupanda sitawaelezea sana. Nilisukuma zaidi ya vile niliendesha. Kila nikifika kona nasema ni hii tu, na kona inazaa kona. Nilimtukana Jairo, nikamtukana Musa, nikajitukana mwenyewe na chapati nane nilizobeba badala ya maji. Mara mbili nilikaa chini kwa majani. Pikapu huko mbele inasimama, taa zinapepesa, na Barasa hageuki, anaangalia mbele tu kama askari wa benki. Mara ya pili nilikaa sana. Nilifikiria: hakuna mtu ananiona hapa. Ningelala kwa hiyo pikapu mpaka Tala na hata Barasa hangesema. Lakini mimi ningejua, na mimi ndiye ningeamka na mimi kila asubuhi. Nikapiga kengele. Tukaenda.

Halafu mlima ukaisha. Hivyo tu. Barabara ikalala, ikaanza kushuka, na miguu ikasimama yenyewe. Hapo sijui nilipatwa na nini. Niliwacha breki. Miti ikaanza kukimbia, upepo ukaingia kwa mikono ya shati, na nikapiga nduru moja ndefu, nduru ya harusi kabisa. Barasa alidhani nimeanguka. Akapiga breki, akaruka nje, akakumbuka, akafunga macho kwa viganja. Nilimpita amesimama hapo barabarani amejifunika uso, mimi nikipiga kengele kama kichaa.

TALA

Wanza nilikuwa nimemwambia nakuja Alhamisi, sikumwambia na nini. Alikuwa steji ananingoja, anachungulia kila gari inayosimama. Nikamjia kwa nyuma, nikapiga kengele.

"Leo sinunui kitu!" akasema bila kugeuka.

"Wanza."

"Nimesema sinunui! Sina... Rasoa? Rasoa! Ngai! Umetoka wapi na hiyo kitu?"

"Kaloleni."

"Nani amekuleta?"

Nikamwonyesha miguu. Ilikuwa inatetemeka yenyewe, kila mmoja na wimbo wake. Alinishika, tukaanguka wote wawili pamoja na baiskeli, na watu wa Tala wakapata kitu cha kuongea.

Nilikaa kwake siku mbili. Nilikula muthokoi, ile mahindi iliyotolewa maganda ikapikwa na maharagwe, sufuria baada ya sufuria, nikiwa nimelala ubavu mmoja maana kukaa haikuwezekana.

KURUDI

Jumamosi Barasa alikuja tena kuchukua mbuzi. Makubaliano na Jairo ilikuwa ni kufika, si kurudi, na goti lilikuwa limefura kama tikiti. Nikamtuma Wanza amwambie narudi naye. Mbele siwezi kukaa na mkwe, kwa hivyo nilipanda nyuma, mimi, baiskeli na mbuzi saba, nimevaa dera ya Wanza. Mbuzi mmoja alikula gazeti la chapati. Hakuuliza nauza nini. Nilimpenda.

Jairo alikuwa mlangoni. Aliona baiskeli kwa pikapu akainua mikono.

"Nilisema! Umebebwa!"

"Kurudi nimebebwa. Kwenda nilienda."

"Nani aliona?"

"Muulize Wanza."

"Wanza ni rafiki yako, atasema chochote. Nani mwingine?"

Sisi wote tukaangalia Barasa. Alikuwa amesimama nje ya mlango, mgongo kwetu, anaangalia kamba ya nguo.

"Shemeji, ulimwona mama kwa barabara?"

Barasa akaiambia kamba. "Kumwona, sikumwona. Nilisikia kengele kutoka Joska mpaka Tala. Nani alikuwa anaipiga, siwezi kusema."

"Unaona?" Jairo akaniambia. "Hakuna shahidi. Mama, ni desturi, usikasirike. Nampigia baba mdogo."

Nilikuwa nimefungua mdomo nianze kujitetea. Mlima, viraka, matikiti, yote. Halafu nikaufunga. Nilikuwa nimeenda mpaka Tala nikifikiri kuna kitu Jairo ataniruhusu nikirudi. Na hapo nimesimama na goti limefura, sikuona kitu mkononi mwake. Nilishusha baiskeli mwenyewe kutoka kwa pikapu, nikaisimamisha katikati ya nyumba.

"Mpigie," nikasema. "Mwambie baba yako mdogo baiskeli iko hapa, hakuna mtu amemnyima. Aje aichukue. Lakini asiipakie gari. Apande hapa mlangoni, aiendeshe mpaka Vihiga. Mimi nitampikia chapati za njiani."

Jairo aliniangalia, akaangalia baiskeli, akaangalia simu. Nje nikaona mgongo wa Barasa unatetemeka kwa kicheko.

Musa alipigiwa simu. Amesema anatafuta nafasi. Sasa nyinyi majirani, mkimwona amefika na mimi siko, mpeni kiti na chai, asione vibaya. Mwambieni nimetoka nayo.